Picha ya mwanangu miguu peku imebandikwa kwenye boksi la viatu

Shikamoo Bibi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, wa kusoma na kunyamaza. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Kwetu ni Muheza, Tanga. Niko Marekani, jimbo la Maryland, huu mwaka wa 9, na kazi yangu ni kulea watoto. Nyumba ninayofanyia kazi ni ya Wayahudi. Nilipoingia kwao binti yao mkubwa alikuwa na miaka 4, sasa anatimiza 13. Mimi humwita Kipusa, na jina limemganda hadi wenzake wa shule wanamwita hivyo bila kujua maana yake. Nimemsuka, nimemfundisha kufunga kamba za viatu, nimekesha naye akiwa na homa. Wa kwangu mwenyewe nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka hiyohiyo 4. Sasa yuko darasa la saba. Watoto hawa wamepishana miezi 2 tu. Makaratasi yangu bado yanashughulikiwa, kwa hiyo tangu nije sijarudi. Mwanangu namwona kwenye simu.

Mwezi wa tano Kipusa ana shughuli yao inayoitwa bat mitzvah. Mwaka mzima anajifunza kusoma Torati kwa Kiebrania, kwa sauti ya kuimba, na mimi nimeisikia hadi nikiosha vyombo najikuta naimba nisichokijua. Sehemu yake inatoka Mambo ya Walawi, habari ya mkulima kutovuna shamba mpaka pembeni. Pamoja na kusoma, sinagogi yao inamtaka kila mtoto afanye kazi ya kuitumikia jamii, aisimamie mwenyewe, kisha siku hiyo aizungumzie mbele ya watu. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Mwaka jana wakati wa likizo nilikuwa naongea na nyumbani kwa video. Kipusa akaja akachungulia begani kwangu, akamwona mwanangu amekaa mkekani miguu peku. Akauliza, "Hana viatu?" Bibi, wewe unajua. Kwetu viatu vinabaki barazani. Mama yangu hakuruhusu ukanyage mkeka wake na viatu hata uwe mkuu wa wilaya. Lakini dakika ile chakula kilikuwa kinaungua na mdogo wake analia, nikajibu tu, "Kwetu ndivyo," nikakimbilia jikoni.

Hiyo "kwetu ndivyo" ndiyo iliyozaa mradi. Kipusa ameamua kukusanya viatu vilivyotumika avipeleke Afrika, kwenye shule ya kijijini kwetu. Ameweka maboksi shuleni kwao, kwenye sinagogi na kwenye maktaba. Gereji imejaa. Juzi nimehesabu jozi 143. Humo mna raba nyeupe, viatu vya mpira vyenye meno, viatu vya visigino virefu, na mabuti mazito ya kutelezea kwenye theluji. Mabuti ya theluji, Muheza! Na kila boksi limebandikwa picha ya mwanangu. Kumbe siku ile Kipusa alikipiga picha kioo cha simu yangu. Mtoto wangu amekaa mkekani, nyayo zinaonekana, chini yake maandishi makubwa kwamba mtoto huyu anakwenda shule bila viatu.

Si kweli. Ana viatu vyeusi vya shule, ana ndala, na ana raba za buluu alizonunuliwa na bibi yake kwenye gulio. Kwenye ulimi wa raba ya kushoto kuna jina la mtoto wa Kizungu limeandikwa kwa kalamu ya wino. Kwa hiyo viatu vya Marekani vinafika kwetu, Bibi, bila mradi wa mtu. Kaka yangu anakula kwa kazi hiyo, kila wiki anafungua belo la mitumba.

Mwezi uliopita nilimsimulia mwanangu, nikidhani atacheka. Alinyamaza, kisha akasema, "Mama, umeniombea viatu?" Akampa bibi yake simu. Tangu siku hiyo akiongea na mimi ni "ndiyo mama", "hapana mama", basi.

Kuna na hili naona haya kuliandika. Mradi ulipoanza, mama yake Kipusa alinipa dola 200, akasema ni za viatu vya binti yangu. Nilipokea. Sikusema kitu. Nilizituma nyumbani zikaezeka jiko la mama. Sasa nikifungua mdomo nitaonekana tapeli. Nisipoufungua, usiku wa sherehe picha ile itawekwa kwenye skrini kubwa mbele ya watu 150, na mimi nikiwemo. Nimealikwa "kama familia", ingawa nimeambiwa pia niwaangalie wale wadogo wawili, kwa hiyo sijui naenda kama mgeni au naenda kazini. Tena mimi Mwislamu, sijui kama nafaa kuingia mle, nivae nini, nipeleke zawadi gani.

Nampenda Kipusa. Hana ubaya hata chembe. Hotuba yake anatakiwa ampelekee rabi baada ya wiki mbili. Nifanyeje?

Mlezi, Maryland

*

Marahaba mwanangu.

Nianzie pale ulipopita mbio. Ulipokea dola 200 kwa ajili ya viatu ambavyo mwanao anavyo, ukaezekea jiko. Jiko la mama ni jambo jema na bati halina kosa, ila fedha ile ilitolewa kwa habari isiyo ya kweli na wewe ulijua. Hilo ulitangulize, kabla ya picha na kabla ya mabuti ya theluji, tena ulitaje mwenyewe hujaulizwa. Kama unazo, ziweke mezani. Kama huna, sema huna, na useme zilikwenda wapi. Ukianza na kosa la mtoto wao ukalificha la kwako, siku likifichuka hakuna atakayekumbuka kwamba kwenye habari ya picha wewe ndiye uliyekuwa na haki.

"Kwetu ndivyo" nakusamehe. Sote tuliokaa ughaibuni tumewahi kusema kitu cha namna hiyo kwa uchovu. Mimi niliulizwa kituoni kama kwetu simba wanapita mitaani, nikasema wanapita, kwa sababu basi langu lilikuwa limeshafika. Mpaka leo kuna mama mmoja Philadelphia anawasimulia wajukuu zake habari za simba wangu.

Sasa tuje kwenye shughuli yenyewe, maana nahisi umeichukulia kama sikukuu ya kuzaliwa iliyozidishwa ukubwa, na jibu langu lote linategemea hapo. Katika miaka 19 niliyokaa Philadelphia, 6 niliifanya jikoni kwenye ukumbi wa sinagogi, Jumamosi kwa Jumamosi. Bat ni ndugu wa neno letu binti, mmoja kapita kwa Waebrania na mwingine kaja kwetu na Waarabu. Mitzvah ni amri ya Mungu. Basi ni binti wa amri. Kwa desturi ya zamani msichana anafika hapo akitimiza miaka 12 na mvulana 13, ila sinagogi nyingi za Marekani zimewaweka wote kwenye 13. Na akishatimiza ametimiza, pawe na sherehe au pasiwe. Wewe Mwislamu unalijua hilo kwa jina la kubaleghe. Jana saumu yake ilikuwa mazoezi na ukimwonea huruma unampa uji saa sita, leo ni faradhi juu yake na hesabu inaandikwa kwake. Kule kusoma Torati mbele ya watu kunafanana zaidi na khitma ya mtoto aliyehitimu Qur'an, kwamba jamii ishuhudie mtoto alichobeba. Muziki, keki na skrini kubwa vimekuja nyuma sana.

Wala wasichana hawakuwa na siku hiyo tangu zamani. Kwa Marekani anayehesabiwa wa kwanza kufanyiwa hadharani ni Judith Kaplan, binti wa rabi Mordecai Kaplan, New York, tarehe 18 Machi 1922. Alikuwa na miaka 12, na hata hivyo hakusomea kwenye gombo lenyewe la Torati, lile la ngozi, alisoma kwenye kitabu chake cha chapa. Kipusa wako atasimama kwenye gombo, mkononi ana kijiti chenye ncha ya kidole cha kufuatishia mistari, kwa sababu ile ngozi haiguswi kwa mkono mtupu. Nilikuwa nikichungulia mlangoni na aproni yangu. Magoti ya watoto wale yanagongana wakipanda, na wakishuka ni watu wengine, mabega yamekaa sawa. Sasa hapo, mahali ambapo wanawake wamefika juzi tu tena kwa kupigania, anasimama mtoto uliyemlea wewe kusema jambo ambalo wewe unajua si kweli. Utakaa kwenye kiti chako na pochi mapajani?

Umesema anasoma habari ya pembe za shamba. Hiyo ni Walawi sura ya 19, na nadhani dawa yako imo mlemle. Amri inamwambia mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuokota masazo, vibaki kwa maskini na mgeni. Angalia inavyofanya kazi. Maskini anaingia mwenyewe, anachuma kwa mkono wake anachokihitaji, anaondoka. Mwenye shamba hampelekei kapu mlangoni, wala kwa sheria zao hana ruhusa ya kuchagua fulani apewe na fulani anyimwe. Wewe umekulia kwenye michungwa, unajua tofauti ya kuachiwa machungwa ya pembeni uchume na kuletewa yaliyooza huku unapigwa picha. Halafu mwambie Kipusa asogee mistari michache mbele, mpaka wa 17. Pale pameamriwa kwamba mwenzako akikosea umwambie, usimwekee moyoni, la sivyo dhambi yake nawe inakupata. Yaani kitabu anachokisoma kinakuagiza wewe ufungue mdomo. Nimecheka kidogo nilipoona sehemu aliyoangukiwa, utadhani aliyepanga ratiba ya masomo yao alikuwa na barua yako mfukoni.

Kwa hiyo anza na mama mtu. Kipusa bado ni mtoto wa watu na huyu ni mwajiri wako. Usimwendee na maelezo marefu ya kujitetea. Usiku wa siku ya kazi, watoto wamelala, mwambie: "Nina jambo la aibu yangu na jambo la kuniumiza, naomba nianze na la aibu." Toa la dola 200. Kisha sema mwanao ana viatu, kwenu viatu huachwa mlangoni, uliulizwa na ukajibu vibaya. Kisha sema picha ya mwanao imetumika bila ruhusa ya mwanao wala yako, na unaomba itolewe kwenye maboksi yote na kwenye skrini. Hilo la picha usiliweke kama ombi la kufikiriwa. Wewe ni mama yake. Hebu niambie, mama Kipusa angekubali nyayo za Kipusa zibandikwe kwenye maktaba ya Muheza?

Unaogopa kupoteza kibarua. Naelewa, na siwezi kukuapia kwamba hatakasirika. Ila mtu aliyekukabidhi watoto wake miaka 9 anakujua kuliko unavyodhani, na aibu ya kugundua jambo hili mwezi wa sita, hotuba imeshatolewa na picha zimesambaa, itakuwa kubwa kwake kuliko ya kuambiwa leo jikoni.

Akikubali, omba uzungumze na Kipusa wewe mwenyewe, mama yake akiwepo. Mpeleke gereji, kwenye hizo jozi 143. Usihutubie. Tandika khanga yako sakafuni, mwambie avue viatu aviache mlangoni, akae. Kisha mpige picha. Mpe simu aitazame, umuulize: "Huyu mtoto hana viatu?"

Nyamaza hapo. Mpe muda. Pengine atalia, na usikimbilie kumfuta machozi kwa kusema si kitu, nia ilikuwa njema. Mtoto wa miaka 4 ndiye anayebembelezwa hivyo. Huyu amebakiza wiki chache ahesabiwe mtu mzima, basi mpe heshima ya mtu mzima aliyekosea, kwamba aambiwe kisha aachiwe nafasi ya kurekebisha. Ukiona ametulia ndipo umwoneshe zile raba za buluu na jina lililo kwenye ulimi, ila kama mwenye raba ameridhia. Nitarudi kwa mwenye raba.

Viatu vyenyewe visitupwe. Watu waliviweka kwenye boksi kwa moyo wao, na hapohapo Maryland wapo wa kuvivaa: watu waliolala kwenye vituo vya wasio na makazi, kina mama waliokimbia vipigo na watoto mkononi, watoto wa wahamiaji waliofika juzi na raba moja. Mabuti ya theluji yatampata mwenye kuyahitaji mahali penye theluji. Kazi ya Kipusa ibadilike. Badala ya kukusanya zaidi, apige simu aulize. Mnapokea viatu vilivyotumika? Saizi gani mmepungukiwa? Mnataka vioshwe? Kuna watakaomjibu kwamba viatu hawana pa kuviweka, wanachokosa ni mtu wa kupanga makopo ya chakula kila Jumatano jioni. Aende Jumatano hizo. Nawajua watoto wa ukumbini kwetu waliofanya mradi wa picha nzuri ukaisha na keki, na namjua msichana mmoja aliyechagua kuwasomea gazeti wazee watatu wasioona. Hakuwa na cha kuonesha kwenye skrini. Alipomaliza siku yake aliendelea kwenda, nikawa namkatia mkate wa kuwapelekea.

Kama atataka maandiko ya kujengea hotuba mpya, ampate Musa bin Maimun, mwanachuoni wao aliyezaliwa Córdoba akafia Misri mwaka 1204, ambaye vitabu vyake kadhaa aliviandika kwa Kiarabu. Alizipanga sadaka ngazi 8. Ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amenuna. Ya juu kabisa ni kumshika mkono mtu aliyeyumba, kwa mkopo, kwa kushirikiana naye kwenye biashara au kwa kumpatia kazi, mpaka asihitaji kuomba. Katikati mna ngazi za kutoa bila mpokeaji kujulikana, ili asione haya. Picha kwenye boksi haikupewa ngazi. Na neno lao la sadaka ni tzedakah, ndugu wa sadaka yetu. Kwao shina lake ni haki. Letu, huko Uarabuni lilikotoka, ni shina moja na kusadiki, kwa hiyo ukweli umo ndani yake.

Kwa hesabu hiyo, aliye karibu na ngazi ya juu pale kwenu ni kaka yako, maana ana kazi yake na anawalisha watu. Ukimshushia kijijini jozi 143 za bure, utakuwa umemfungia duka mwezi mzima. Tena hazifiki bure: kuna nauli ya meli, kuna ushuru, kuna mtu wa kuzitoa bandarini, na mwisho mwalimu mkuu anabaki na raba nyeupe kwenye shule ambayo sare inataka viatu vyeusi. Habari hii ya mitumba ina siasa zake pia. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana nayo polepole, wauza nguo kuukuu wa Marekani wakashtaki kwa serikali yao, nchi zetu zikarudi nyuma moja moja. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 ikanyang'anywa nafuu ya kuingiza nguo zake Marekani bila ushuru. Kipusa hana haja ya kuyabeba hayo yote, ila baba yake anaweza kuyapenda, wanaume wa nyumba zile hupenda kubishana mezani.

Kuna moja ningependa alijue Kipusa mwenyewe. Katika fikra zake Afrika ni mahali pa kupelekewa. Mwambie kwamba Uganda, karibu na Mbale, kuna Wayahudi Waafrika wanaoitwa Abayudaya. Jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliyeamua kufuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakabaki wachache wakisali kwa kificho, na leo wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyesomea Los Angeles na kupata cheo hicho mwaka 2008. Wasichana wa huko wanasoma Torati ileile. Akitaka kuandika barua Afrika, kule atampata mwenzake wa kumuuliza, "Wewe ulisoma sehemu gani, na uliitumikiaje jamii yako?"

Sasa siku yenyewe, haraka haraka.

Mgeni au mfanyakazi? Uliza, tena kabla. Sema: "Nikiwaangalia wadogo, niko kazini na mnanilipa. Nikiwa mgeni, tafuteni mtu wa kuwaangalia." Ukiona ulimi mzito, kumbuka kwenye sura hiyohiyo ya 19, mstari wa 13, imeandikwa ujira wa kibarua usilale kwa bosi mpaka asubuhi. Mimi ningeomba uwe mgeni. Miaka 9 imetosha kukupatia kiti.

Kuingia sinagogi, mwulize sheikh unayemwamini, mimi si mwenye fatwa. Ninachokijua ni kwamba hakuna atakayekulazimisha kusali. Kabati la magombo likifunguliwa watu husimama, nawe simama kwa adabu. Gauni refu na ushungi vinatosha, hakuna atakayekushangaa. Simu izime uiache mkobani, maana siku ya Sabato sinagogi nyingi hazitaki kuona mtu anabofya wala anaandika. Jiko likiwa la kosher, yaani la kufuata sheria zao za chakula, nguruwe hamna, na nyama haichanganywi na maziwa. Tulikuwa na sufuria za nyama zenye utepe mwekundu na za maziwa zenye utepe wa buluu, na siku niliyokosea kijiko walinipeleka kando kama niliyevunja benki. Divai ipo, omba juisi ya zabibu, huwa imewekwa pembeni.

Zawadi ni fedha kwenye bahasha, na wao wanapenda mafungu ya 18. Herufi zao zina thamani ya hesabu, na mbili zinazojumlishwa kuwa 18 zinaandika neno lao la uhai, linalotamkwa karibu kabisa na letu: hai. Dola 18 zinatosha, 36 ukijaliwa. Usimkabidhi Jumamosi mchana, wanaoshika Sabato hawagusi fedha. Mpe Ijumaa kabla ya jua kuzama, au usiku kwenye sherehe. Akimaliza kusoma, kwenye sinagogi nyingi watu humrushia peremende laini. Rusha na wewe. Usimlenge usoni.

Nimemwacha mwanao mwisho kwa sababu ndiye niliyemfikiria usiku kucha, siyo Kipusa. Yeye naye ana miaka 13. Hana gombo wala ukumbi, ila amekuuliza swali moja la mtu mzima na hujalijibu. Umeniandikia mimi, umejipanga kumwendea mama Kipusa, na yeye bado anasubiri. Mpigie kabla ya wote hao. Jumapili saa moja asubuhi ya kwako, Muheza ni saa nane mchana, wameshakula. Usimtumie kwanza hela wala zawadi. Mwambie: "Sikukuombea, lakini nilinyamaza, na nilichukua hela." Mweleze unavyokusudia kusema kwa bosi wako, neno kwa neno, kisha muulize kama raba zake za buluu anakubali zioneshwe kwa huyo mwenzake wa gereji, au hataki. Akisema hataki, hazioneshwi. Akisema anataka aongee naye mwenyewe, mpe Kipusa simu, wewe toka nje ukaanue nguo.